Kuifungia sauti boti ya mjomba: shajara ya mradi, Bwawa la Mtera

11 Mei 2024: ombi

Mjomba wangu ana boti ya mbao ya mita tisa pale Mtera, upande wa Dodoma. Siku za kawaida hubeba wachuuzi wa perege na kambale, magunia na baiskeli, kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Sikukuu hubeba watu wa mjini wanaokuja kutazama viboko, na ndege waliojazana kwenye ile miti iliyokufa ikiwa imesimama majini. Injini ni ya kuning'iniza tezini, yaani nyuma ya boti, nguvu ya farasi 15.

Jana alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja: "Mpwa wangu, wewe si fundi redio? Njoo unifungie muziki, wateja wanauliza. Na mimi nataka nisikie taarifa ya hali ya hewa nikiwa katikati ya maji."

Alisema mambo mawili kwa pumzi moja, mimi nikasikia la kwanza tu. Hilo ndilo kosa la kwanza la mradi huu, nami nilikuwa bado sijashika bisibisi.

Kwa atakayetaka kuiga: kibanda changu kiko Nkuhungu, Dodoma mjini. Nimefunga redio kwenye magari na bajaji kwa miaka mingi, boti sijawahi. Bei zote nitakazoandika ni nilizolipa mwenyewe. Nauli za kwenda Mtera na kurudi sizihesabu, ni safari za kumtembelea mjomba pia.

18 Mei 2024: toleo la kwanza

Nimefunga nilivyozoea. Spika mbili za gari za umbo la yai, zenye stika ya "wati 1200", sh 85,000. Redio ya gari yenye tundu la flashi, sh 60,000. Boksi la plaiwudi nililopaka rangi ya mafuta mara mbili, sh 25,000. Waya, sh 18,000. Nimezifunga spika juu ya boksi zikitazama juu, ili sauti iende pande zote. Umeme nimetoa kwenye betri ya zamani aliyokuwa akiwashia taa ya usiku.

Ufukweni muziki ulitetema mpaka watoto wakacheza. Tulipoingia majini na injini kuwashwa, aliyekaa omo, yaani mbele ya boti, akawa hasikii maneno, anasikia kishindo tu. Nikaongeza sauti, spika zikaanza kukwaruza.

8 Juni 2024: wiki tatu, spika zimekufa

Mjomba amenirudishia spika mbili mjini kwa basi. Nimezifungua mezani na naandika kila nilichokiona, kwa sababu huu ndio uchunguzi ulionifundisha zaidi ya yote.

Koni ni za karatasi. Zimenyonya maji na kuwa laini kama ugali uliolala kwenye maji. Kingo zake ni za sponji, nazo zimeanza kumegeka kwa jua. Kwenye nafasi nyembamba kati ya sumaku na koili ya sauti kuna tope kavu. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nilijiandaa kwa maji nikasahau kwamba hii ni Dodoma. Kiangazi boti ikivutwa ufukweni, upepo wa mchana hupuliza vumbi jekundu siku nzima. Vumbi linaingia kwanza, maji yanafuata na kuligandisha. Skurubu zina kutu, na ile waya laini iliyosukwa inayopeleka umeme kwenye koni imegeuka kijani na kukatika upande mmoja.

Tena nilizielekeza juu. Spika inayotazama juu kwenye boti ni bakuli.

Stika ya wati 1200 nimeibandua na kuibandika ukutani kibandani. Namba hiyo ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, ikiwa ni ya kweli kabisa. Cha kutazama ni wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, na zaidi ya hapo ile namba ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kwa wati moja ukiwa mita moja. Kila desibeli tatu zinazopungua unazilipia kwa kuongeza nguvu maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 93 ikipewa wati 10 inalia sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 40. Kwenye gari tofauti hiyo haikuumizi, maana vioo na dari vinakurudishia sauti, na injini ikiwaka betri inajaa. Kwenye boti hakuna ukuta. Sauti inaondoka na kwenda zake, ikipoteza desibeli sita kila umbali unapoongezeka mara mbili, na kila wati unaitoa kwenye betri uliyoibeba.

9 Juni 2024: umeme wa injini, redio nayo imekwenda

Niliona betri ya mjomba imechoka. Injini ina koili ya taa, waya mbili zinazotoka kwenye gurudumu la sumaku. Nikaweka daiodi nne kugeuza umeme uwe wa upande mmoja, nikapeleka moja kwa moja kwenye redio ili nipime kwanza. Injini ikiwa imetulia mita ilisoma volti 11. Nikaridhika. Mjomba akaongeza moto ili atoke kwenye magugu, mita ikapanda hadi 19, nikasikia "pwa!" na harufu ya kapasita iliyopasuka.

Koili ile imetengenezwa kwa ajili ya balbu. Inatoa umeme wa kwenda na kurudi, na volti zinapanda kadiri injini inavyozunguka. Bila regyuleta inayoshikilia volti, na bila betri ya kumeza mapigo, hakuna redio itakayopona. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Basi tuanze na chakula kabla ya mgeni." Alimaanisha umeme kwanza, redio baadaye. Nimeipokea kauli hiyo kama mpango wa kazi.

Hasara mpaka leo: sh 188,000 yote ya toleo la kwanza.

22 Juni 2024: umeme

Betri mpya ya volti 12, saa-ampea 50, sh 190,000. Sola ya wati 100, sh 120,000. Kontrola ya chaji, sh 35,000.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya tindikali ukiishusha chini ya nusu kila siku unaifupishia maisha, kwa hiyo ninazo saa-ampea 25 za kutumia. Redio na spika kwa sauti ya kawaida nilikadiria zitakula kama ampea tatu. Hiyo ni saa nane hata jua lisipochomoza, na jua la kwetu linachomoza. Sola nimeiweka juu ya kivuli cha turubai, imefungwa kwa bolti zinazopenya mbao, kwa sababu mtikisiko wa injini hulegeza skurubu za mbao ndani ya wiki chache. Nati nimetumia zile zenye duara la nailoni ndani.

Betri imekaa chini karibu na mkuku, juu ya ubao ulioinuliwa ili maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya boti, yasiifikie, imefungwa mkanda. Haijafunikwa kwa kuzibwa, maana betri ya namna hii ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Fyuzi ya ampea 15 iko kwenye waya chanya, sentimita 15 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi iliyo mbali na betri inailinda redio, lakini waya ulio kati yao unabaki bila mlinzi, na boti ni ya mbao yenye petroli ndani.

29 Juni 2024: waya

Nilidhani nimemaliza. Kwenye betri 12.6, kwenye redio ya kuazima niliyofungia majaribio 11.1 nikiongeza sauti. Volti moja na nusu zinapotelea njiani, mita tano tu za kwenda na tano za kurudi.

Nilikwangua waya kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa ngozi ya shaba. Duka la mjini niliponunua waliniuzia kama shaba tupu, nami sikukwangua. Alumini hiyo inapitisha umeme kwa shida zaidi, inakatika kwa mtikisiko, na maji yakiifikia inaliwa haraka kuwa unga mweupe.

Waya wa boti unaofaa ni wa shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati. Nimemwandikia hivi kijana anayejifunza kwangu, akaelewa mara moja: mwekundu nje mweupe ndani, ukimbie, mweupe nje mwekundu ndani, ununue. Nimepata wa nyuzi mbili, milimita 6 za mraba, mita 6 kwa sh 9,000 kila moja, jumla sh 54,000. Fyuzi na vishikio vyake sh 14,000. Kwa mzigo uleule redio sasa inapata 12.3.

13 Julai 2024: kuchagua, safari hii kwa akili

Wiki mbili nimepekua maelezo ya vifaa vya boti na kuwapigia simu wauzaji wa Kariakoo. Nilichotafuta na sababu yake ni hiki.

Namba ya IP, inayosema kifaa kinazuia vumbi na maji kiasi gani. Iko kwenye kiwango cha kimataifa IEC 60529, na wengi tunaisoma kama alama ya mtihani: kubwa ndiyo nzuri. Si hivyo. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6. Ya pili ni maji: 5 ni maji yanayorushwa kwa bomba, 6 ni yanayorushwa kwa nguvu zaidi, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Kufaulu 7 hakumaanishi kwamba kifaa kimefaulu 6, kwa kuwa kuzama kwenye maji yaliyotulia ni jaribio jingine kabisa na kupigwa na maji yenye kasi. Kifaa kilichopita yote mawili huandikwa zote mbili. Boti ya mjomba haizami, Mungu aendelee kuijalia, inapigwa mawimbi. Basi kwangu 5 au 6 ina maana kuliko 7. Na ukiona X mahali pa tarakimu ya kwanza, ujue kuhusu vumbi hujaahidiwa chochote. Mtu wa pwani anaweza kuivumilia X hiyo. Mtu wa Dodoma asiivumilie.

Redio nyingi za boti namba yake ni ya uso wa mbele tu, ikishafungwa kwenye ubao. Mgongo uko wazi kama redio ya gari. Muuzaji mmoja alikuwa mkweli akanionyesha kwenye picha ya mgongo matundu ya kupitishia hewa. Kwa hiyo hata ukinunua redio ya boti, mgongo wake unautafutia nyumba.

Koni iwe ya plastiki ya polipropilini, kingo ziwe za mpira. Waya za ndani na kichujio cha twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, viwe vimepakwa rangi ya kuzuia unyevu.

Jua. Kuna jaribio la taa za mionzi ya jua, ASTM G154, na spika nzuri za boti huitaja. Kwa hapa naiweka sawa na maji. Plastiki nyeupe ya kawaida ikikaa kwenye jua la Mtera inakuwa njano, kisha inavunjika kama ganda la yai.

Chumvi. Hapa ndipo mtu wa bara anaweza kuokoa pesa. Vifaa vya gharama kubwa hujivunia jaribio la ukungu wa chumvi, ASTM B117, na vyuma vya stenlesi daraja la 316. Maji ya Mtera ni ya mto, ya Ruaha Mkuu na wenzake, hayana chumvi ya kutisha. Stenlesi ya 304 inatosha. Mtu wa Singida mwenye mtumbwi kwenye Singidani asinifuate katika hili, ziwa lile lina chumvi. Wala mtu wa Bagamoyo.

Nilichokinunua: spika mbili za boti za inchi 6.5, IP65, wati 60 za mfululizo, desibeli 91, sh 310,000 kwa jozi. Redio ya boti ya umbo la duara, uso IPX6, yenye Bluetooth, amplifaya yake ya daraja D inayokula umeme kidogo kwa sauti ileile, sh 240,000. Uso wa redio una X ya vumbi, najua. Nimekubali kwa sababu utakaa nyuma ya kifuniko cha mpira. Kusafirisha kwa basi sh 15,000. Zipo za majina makubwa, Fusion na wenzake, ambazo boti nyingi za utalii duniani hufunga. Mkoba wa mjomba haukufika huko, nami sikutaka afike kwa mkopo.

Kabla ya kuzipeleka Mtera nilizitesa nyumbani. Spika moja nimeinyunyizia maji kwa mpira wa bustani dakika kumi ikiwa inalia, kisha nikaiweka barabarani mbele ya kibanda siku mbili magari yakipita, kisha maji tena. Haikukwaruza. Nyimbo nilizotumia kupimia ni za Kigogo, ilimba, ala ya vyuma vyembamba vya kudonoa kwa vidole, na zeze na ngoma ya muheme. Ilimba inakwambia ukweli kuhusu twita: ikiwa imeingia maji, vile vyuma vyembamba vinasikika kama bati.

20 Julai 2024: boksi lililojinywesha maji

Redio na viungio vya waya nimeviweka ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko cha mpira chini ya benchi la nahodha. Kwa hofu ya yaliyopita nikaziba kila upenyo kwa silikoni. Kila upenyo kabisa. Nikaondoka nikiwa na amani.

Baada ya siku chache mjomba anapiga simu: redio inazima na kuwaka. Nimefika, nimefungua, ndani kuna maji ya kujaza kikombe cha kahawa.

Nilikaa kwenye mchanga nikifikiri maji yamepitaje. Ni hivi: boksi likikaa juani hewa ya ndani inapata joto na kutanuka, kiasi kinatoka polepole kupitia upenyo ambao macho hayauoni. Wimbi likiligonga linapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kinachovutwa ndani kuziba nafasi ni maji yaliyokaa juu ya upenyo uleule. Kesho yake tena. Yakishaingia hayana pa kutokea, maana nimeziba kila mahali. Boksi lilikuwa linapumua kwa pua moja iliyozama.

La pili lilinitia uchungu zaidi. Viungio vya shaba vimekuwa kijani hata pale maji hayakufika. Silikoni niliyotumia ni ile ya bei ndogo ya sh 7,000 yenye harufu kali ya siki. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni ikikauka, na ukiifungia ndani ya boksi pamoja na shaba, inaila. Inafaa kwa vioo vya dirisha. Kwa umeme tafuta silikoni isiyo na harufu ya siki.

Nilichorekebisha: silikoni mpya, mirija miwili, sh 18,000. Waya zote zinaingia boksini kwa chini kupitia glendi za plastiki, vile vibana vinavyoziba tundu kuzunguka waya, sh 10,000 kwa zote, na kila waya unashuka chini ya tundu lake kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke pale kwenye kona. Chini kabisa ya boksi nimetoboa tundu la milimita tano na kulifunika wavu mwembamba wa chujio. Sasa linapumua, na likipata tone linalitoa. Mjomba aliponiona natoboa boksi la kuzuia maji alidhani jua limenipata. Viungio nimevichomea kwa risasi, nikavivisha mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani.

27 Julai 2024: spika mahali pake

Spika hazitazami juu tena. Ziko chini ya ukingo wa kivuli, moja omo na moja katikati, zimeinama kuelekea mabenchi, maji yakiingia yanamwagika. Bolti za stenlesi na nati zake, sh 32,000. Mahali pa jaketi okozi hatukupagusa wala kupaziba. Mjomba alisimama pale kama askari mpaka nilipomaliza kutoboa.

Sasa aliyekaa omo anasikia maneno injini ikiwa mwendo wa kawaida, na sauti iko chini ya nusu. Ni zile desibeli, na ni ule ukaribu: spika mita moja na nusu kutoka sikioni inashinda spika kubwa iliyo mita sita.

Jambo dogo: mjomba aliweka simu yake juu ya kibao kilicho nyuma ya spika, na mshale wa ramani ukawa unaonyesha upande usio wenyewe. Ni sumaku ya spika. Simu imehamishwa karibu mita moja, mshale umerudi. Wenye dira halisi wafanye vivyo hivyo.

10 Agosti 2024: ombi lenyewe

Leo nimepanda na mjomba safari nzima, kwenda na kurudi, bila bisibisi. Alfajiri alifungua redio, TBC Taifa, akasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mpaka mwisho. Mchana tukapita mitumbwi miwili ya wavuvi mbali kidogo. Mjomba akasema, bila kunitazama: "Mimi nimeshasikia kwamba jioni kuna upepo. Wale je?"

Mitumbwi ile haina redio, na simu wengi huziacha nyumbani zisilowe. Hapo nikaelewa alichotaka tangu mwezi wa tano.

Spika za muziki haziwezi kazi hiyo. Inahitajika ya honi, kama zile za misikitini na za magari ya matangazo. Honi inatoa desibeli zaidi ya mia kwa wati moja, kwa sababu umbo lake linaisukuma hewa kwa mkupuo badala ya kuitawanya. Muziki wake ni mbaya, haishuki chini wala haipandi juu, lakini inashika palepale penye sauti ya mtu. Na mwili wake ni bati la alumini na plastiki, hakuna koni ya kulowa. Nimeagiza moja ya wati 30, IP66, sh 95,000, na amplifaya ndogo ya volti 12 yenye maiki ya kushika mkononi, sh 110,000.

24 Agosti 2024: honi

Imefungwa juu ya mlingoti mfupi wa kivuli, inatazama mbele. Kwanza ilipiga filimbi kila mjomba alipobonyeza maiki, kwa kuwa sauti ya honi ilikuwa ikirudi kwenye maiki. Nimeisogeza mbele ya kivuli, naye anaishika maiki karibu na mdomo, kiganja nyuma yake. Imekoma.

Majaribio: mjomba majini, mimi ufukweni nahesabu hatua. Akiwa upande upepo unakotoka, nilisikia kila neno kwenye hatua mia nne. Alipozunguka, upepo ukawa unatoka kwangu kwenda kwake, hatua mia na hamsini tu, maneno yakavunjika. Upepo huiinamisha sauti kuelekea chini ikiwa inakwenda nao, na huinua juu ya kichwa chako ikiwa inapingana nao. Hakuna amplifaya ya kurekebisha hilo. Mjomba alisema basi yeye ndiye atakayezunguka.

14 Septemba 2024

Hii nimeisimuliwa, sikuwepo. Asubuhi redio ilitaja upepo mkali. Saa tisa alasiri mjomba alikuwa anarudi na wachuuzi sita, akaona maji ya mbali yamekuwa meusi, na mitumbwi mitatu bado inatega karibu na miti. Alizunguka mpaka upepo ukawa mgongoni mwake, akazima injini, akabonyeza maiki: "Geukeni! Upepo huo! Geukeni!" mara nne au tano. Wote watatu waligeuka. Walifika mwaloni mawimbi yakiwa yameshaanza kuvunjika.

Mmoja wao alikuja jioni na kambale wawili. Alimwambia mjomba kwamba alisikia "geukeni" tu, mengine hakuyashika.

Nimemwambia mjomba abakize neno hilo moja. Refu halifiki.

23 Novemba 2024: ukaguzi kabla ya mvua

Karibu miezi minne kwa spika, mitatu kwa honi. Spika ni nzima, nimezifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, koni ngumu, mpira laini. Boksi kavu, kwenye wavu wa tundu la chini kuna vumbi, nimeupiga mswaki. Vibana vya nailoni vyeupe nilivyofungia waya juu ya kivuli vimekatika karibu vyote kwa jua. Vyeusi vilivyo palepale havina tatizo, ile rangi nyeusi ni masizi yanayozuia mionzi. Nimebadilisha vyote kuwa vyeusi.

Wiki iliyopita honi ilikuwa inasikika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya koo lake. Nimeitoa kwa waya, na mjomba ameshona kofia ya turubai ya kuivisha boti ikilala. Kila asubuhi anaivua na kusema maneno mawili kwenye maiki kabla ya kuondoka, ndiyo kipimo.

Gharama zote: toleo la kwanza 188,000, umeme 345,000, redio na spika za boti pamoja na usafiri 565,000, waya, fyuzi, bolti, glendi na silikoni nzuri 128,000, silikoni mbaya 7,000, honi na amplifaya yake 205,000. Jumla sh 1,438,000, na kati ya hizo 195,000 ni za makosa yangu. Anayeanzia hapa nilipofika, kwa bei hizi za 2024, atatumia 1,243,000. Asiye na uwezo wa zote aanze na betri, sola, waya na honi, na redio ndogo ya mkononi ya kusikilizia utabiri. Muziki utasubiri.

Mwenye boti ya jirani amekuja kibandani kwangu Nkuhungu akitaka kama ile ya mjomba. Boksi lake nimelianza leo asubuhi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoboa tundu la chini.